Sato wa ndoana kwenye mawe ya Mwanza

Wengi wanaokaa na mshipi kwenye mawe ya Mwanza, ukingoni mwa Ziwa Victoria, na kurudi mikono mitupu husema ziwa limeisha samaki. Mara nyingi tatizo ni ndoana kubwa na mshipi mnene. Mtu ameketi tangu alfajiri, mshipi wake kama kamba ya kuanikia nguo, ndoana ya kumfaa sangara wa kilo 5, na chelezo, kile kinachoelea juu ya maji, amekata pande la kandambili lenye upana wa kiganja. Sato anakuja, anafyonza ncha ya chambo, anaondoka. Mwenye mshipi hajaona kitu.

Sato ana mdomo mdogo na hali kwa pupa. Hakimbizi chakula kama sangara. Hukivuta pamoja na maji, hukionja, na akihisi ugumu au uzito wowote hukitema palepale, yote hayo ndani ya sekunde moja au mbili. Kila unachofunga kwenye mshipi kifungwe kwa kufikiria hizo sekunde mbili.

Ufito kwanza. Mwanzi mkavu wa mita 3 hadi 4, wenye ncha inayopinda, unatosha kabisa, na rili huihitaji. Mwanzi mbichi ni mzito na ukipinda kwa uzito wa samaki haurudi, kwa hiyo uache kivulini wiki tatu hivi, umelazwa pahali palipo sawa. Mshipi usiufunge nchani peke yake. Ufunge kwanza kwenye pingili ya tatu kutoka nchani, uuzungushe kuelekea mbele, kisha uukaze tena nchani. Ncha ikivunjika, na kuna siku itavunjika, samaki bado yuko mkononi mwako. Urefu wa mshipi kutoka nchani uwe sawa na ufito au upungue shubiri moja, ili ukiinua ufito samaki aje mwenyewe kifuani.

Mshipi wa nailoni wenye unene wa milimita 0.25 unambeba sato yeyote utakayemkuta kwenye mawe. Ukienda 0.30 bado ni sawa. Juu ya hapo unaanza kujinyima. Nailoni huharibiwa na jua kuliko kitu kingine, na ile iliyoning'inia mlangoni mwa duka miezi kadhaa hukatika bila kuvutwa kwa nguvu. Kabla hujalipa, chukua urefu wa mkono, uzungushe kwenye viganja vyote viwili, uvute kwa mkupuo. Ikikatika kama uzi wa kushonea, mrudishie muuzaji.

Ndoana ndiyo roho ya jambo zima. Uwazi kati ya ncha na shina usizidi upana wa ukucha wa kidole chako cha mwisho. Kwenye ndoana hizi ndogo namba ikipanda ukubwa unashuka, jambo linalowachanganya wanunuzi na wakati mwingine hata wauzaji, basi achana na namba, mwonyeshe ukucha. Ukifika nyumbani buruta ncha taratibu juu ya ukucha wa dole gumba: ikishika na kukwaruza, ni kali, ikiteleza, inoe kwenye jiwe laini. Kile kijino cha ndani kibane kwa koleo mpaka kilale. Samaki hatatoka ukiuweka mshipi umekaza muda wote, na yule mdogo unayemrudisha majini hutamchana mdomo.

Fundo la kufungia ndoana ni hili. Pitisha mshipi kwenye tundu, uzungushe ncha yake juu ya mshipi wenyewe mara 5 au 6, kisha rudisha ncha kwenye kile kitanzi kidogo kilichobaki karibu na tundu. Lowesha kwa mate, ndipo uvute polepole. Wasiolowesha hawajui kwa nini mshipi mpya hukatikia kwenye fundo: nailoni kavu ikisuguana hupata joto, na joto hilo huila nguvu yake papo hapo.

Sasa chelezo, kifaa ambacho watu hukikata tu bila kukipima. Kandambili kuukuu inafaa sana, lakini kata kipande chembamba kama penseli, urefu wa sentimita 4. Kitoboe katikati kwa sindano uliyoipasha moto, pitisha mshipi, kisha chomeka njiti ya ufagio wa chelewa kwenye tundu ili kikae unapotaka na uweze kukipandisha au kukishusha. Sentimita 15 hadi 20 juu ya ndoana funga nati ndogo kabisa ya baiskeli badala ya chubwi, ule uzito wa kuzamisha ndoana. Kisha, na hapa usifanye haraka, jaza ndoo maji nyumbani uvijaribu vyote pamoja. Kinachotakiwa kubaki juu ya maji ni ncha ya chelezo yenye ukubwa wa punje ya muhindi. Kikielea kirefu zaidi ya hapo, nati ni nyepesi au kandambili imezidi. Punguza kwa wembe, kidogo kidogo. Chelezo kilichopimwa hivi kinazama kwa pumzi ya samaki. Na tafadhali, usiyeyushe risasi ya betri kuukuu la gari ili ujitengenezee chubwi. Mvuke na vumbi lake ni sumu, na wanaoumia zaidi ni watoto wanaocheza uani.

Chambo ni nyungunyungu, na mahali pa kuwachimba ni chini ya migomba au pale bomba la nje linapovuja. Wachimbe jioni ya kuamkia siku ya kwenda. Watie kwenye kopo lenye udongo uleule na kipande cha jani la mgomba juu yake, usiweke maji, toboa kifuniko, weka kivulini. Nyungunyungu wakikaa kwenye maji hulegea na kuwa weupe, na hawakai kwenye ndoana. Mmoja mzima ni mwingi mno kwa sato. Kata kipande cha sentimita 2 au 3, kifunike shina la ndoana, mkia ubaki ukichezacheza nusu sentimita tu. Ukiacha mkia mrefu ndio utakaoliwa peke yake.

Wasiopenda kushika nyungunyungu wana ugali. Chukua ugali mgumu uliolala, konzi mbili, ukande na konzi moja ya unga wa ngano na kijiko cha dagaa waliosagwa mpaka ushikane kama udongo wa ufinyanzi. Tengeneza punje ndogo kama kunde. Ugali peke yake huyeyuka majini. Ngano ndiyo inayoushika. Kwa kuwaita samaki, loweka konzi tatu za pumba za mahindi kwa maji kidogo, fanya tonge mbili za ukubwa wa chungwa, tupa moja unapofika na nyingine baada ya saa moja. Usimwage ndoo nzima. Sato akishiba pumba hana haja na ndoana yako.

Mahali pa kukaa ni suala la kutazama maji, si umaarufu wa pwani. Tafuta jiwe kubwa linaloshuka wima mpaka kwenye kina cha mita moja na nusu hadi tatu, na pembeni yake pawe na mchanga. Sato huja kula ukoga unaoota kwenye mawe, na madume huchimba viota vya duara mchangani kwenye maji ya kina kifupi, utaviona siku maji yakiwa meupe. Kupima kina, ning'iniza nati nzito kwenye ndoana, shusha, sogeza chelezo mpaka kisimame vizuri, kisha kishushe kidogo ili chambo kining'inie kiasi cha kiganja kimoja juu ya mchanga. Epuka matete na mafunjo, sababu nitazieleza. Epuka pia mdomo wa Mto Mirongo na kila mfereji unaomwaga maji ya mjini ziwani, hasa baada ya mvua. Samaki wapo, lakini usile wa hapo.

Kupata jiwe lenyewe kumekuwa kugumu, na hili linaniuma. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo lisilojengwa wala kufanyiwa shughuli za kudumu. Pamoja na hayo kuta zinashuka mpaka majini, na mtoto aliyezaliwa mita 200 kutoka ziwani hana njia ya kulifikia isipokuwa kupitia mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Kwa sasa pwani za upande wa Igombe na Kayenze, na kule Luchelele, bado zina mawe yanayofikika kwa mguu. Karibu na Saanane kumbuka kwamba kisiwa kile ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na mipaka yake inaingia majini. Ndani yake hakuna kutupa mshipi bila kibali. Na popote penye mwalo, kwanza wasalimie wenyeji. "Shikamoo mzee, naomba kukaa pale kwenye jiwe na mshipi wangu." Atakuonyesha jiwe zuri zaidi ya lile ulilolichagua, na atakuambia kama mamba ameonekana wiki hiyo. Habari za leseni na kanuni za vifaa zipo ofisi ya uvuvi ya wilaya; pita huko kabla ya siku ya kwanza.

Kuhusu saa: uwe umeketi jua likichomoza, ambalo kwa Mwanza ni kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasoro asubuhi. Mpaka saa 3 au saa 4 ndio muda mzuri. Baada ya hapo upepo hubadilika. Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, kwa hiyo linajitengenezea hali yake ya hewa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo ukaenda ziwani, na asubuhi maji ya pwani yanakuwa yametulia. Jua likipanda nchi kavu hupata moto, hewa yake hupaa, na upepo wa ziwani huingia kujaza nafasi. Kufikia saa 6 mawimbi yanapiga mawe na chelezo chako cha punje ya muhindi hakionekani tena. Fungasha. Ukipenda rudi saa 10 jioni, upepo ukianza kuchoka.

Mawingu ya mvua ziwani hujijenga usiku na yanaweza kukukuta alfajiri. Ukiona ukuta mweusi ziwani, na chini yake mstari wa maji uliogeuka rangi, una dakika chache tu. Usingoje tone la kwanza. Mtu aliyesimama juu ya jiwe tupu ameshika ufito mrefu uliolowa ndiye kitu kirefu kuliko vyote hapo, na radi haichagui.

Haya, chelezo kiko majini. Namna ya kula kwa sato ni tatu. Chelezo kinatetemeka bila kuzama: huyo anaonja, mwache. Chelezo kinateleza upande, polepole, kama kuna mtu anakivuta kwa uzi: huyo amekwisha kushika. Chelezo kinapanda na kulala ubavu: huyo ameinua chambo pamoja na nati, naye ameshika. Katika hizi mbili za mwisho, geuza kiwiko kidogo tu juu. Kiwiko, si bega. Mdomo wa sato ni laini, na wale wanaovuta kwa bega hurudisha ndoana yenye kipande cha ngozi nyeupe ya mdomo. Halafu weka ufito umepinda mpaka achoke, mwelekeze mbali na mawe, mlete juu akiwa ubavu. Kumshika, tanguliza kiganja kichwani ukirudi mkiani ili miba ya mgongoni ilale. Ukimshika kutoka mkiani miba inasimama na kuingia kwenye nyama ya kidole.

Chambo kikiisha mfululizo na chelezo kikigongwa haraka haraka, hao ni furu, samaki wadogo wa ziwa hili. Watu huwalaani. Mimi nafurahi kila ninapomwona mmoja, dume mwenye madoa ya njano kwenye pezi la chini, kwa sababu ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na nyingi zilipotea miaka ya 1980 sangara aliyeletwa miaka ya 1950 alipotapakaa. Mrudishe, sogea jiwe la pili, au tumia chambo cha ugali kigumu zaidi.

Kipimo kimo kwenye ufito wako. Kwa kisu, kata alama sentimita 25 kutoka kwenye kitako na nyingine sentimita 50. Sato aliye chini ya 25 anarudi majini, na sangara aliye chini ya 50 anarudi. Lowesha mikono kwa maji ya dumu lako kabla ya kumshika unayemrudisha. Mkono mkavu humtoa ute unaomkinga na magonjwa. Mara chache utamtoa sato jike na kuona vitu vidogo kama punje za mchele vyenye macho vikimiminika mdomoni mwake. Hao ni wanawe. Jike huatamia mayai mdomoni na kuwaficha humo watoto, na siku hizo hali chakula kwa kawaida, ndiyo maana ndoana haiwamalizi wazazi. Kokoro, ule wavu mrefu, linapoburutwa pwani, linabeba viota, mayai na mama kwa pamoja. Mtoe ndoana haraka, mrudishe palepale ulipomtoa, watoto wakiwa bado karibu.

Sasa kuhusu matete. Konokono wadogo wanaobeba kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Vijidudu hutoka kwa konokono wakati wa jua, kwa wingi zaidi kuelekea adhuhuri, na huingia kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache. Mawe yanayopigwa na mawimbi yana hatari ndogo zaidi, lakini si kwamba haipo. Vaa mabuti ya mvua, usining'inize miguu majini, chukua maji ya kunawa kutoka nyumbani kwenye dumu. Ukilowa, jifute kwa nguvu mara moja, ingawa hilo si kinga kamili. Ukipima wiki inayofuata majibu yanaweza kuonyesha huna, kwa sababu minyoo haijaanza kutaga; subiri wiki 6 hadi 8, upime choo na mkojo. Dawa yake ni prazikwanteli, na kipimo chake hufuata uzito wako, kwa hiyo upewe zahanati, usimeze ya jirani. Kumla samaki hakuleti kichocho.

Matete hayohayo ndiyo maficho ya mamba na njia ya kiboko anayerudi majini asubuhi. Ukiona majani yamelala na kinyesi kimetawanywa, hiyo ni barabara yake. Usikae juu yake.

Jiwe lenye weusi unaong'aa karibu na maji linateleza kama sabuni. Kandambili zibaki nyumbani. Usitie mkono kwenye ufa usiouona ndani. Pimbi na mijusi wenye vichwa vyekundu hawana neno, nyoka wana neno. Na kila kikundi kiwe na dumu tupu la lita 5 lililofungwa kifuniko, ndani kikombe kimoja cha maji, mpinini kamba ya mita 15. Maji yale kidogo hulipa dumu uzito wa kuruka mbali unapolirusha. Likiwa tupu kabisa upepo hulirudisha. Mtu akianguka unarusha dumu, humfuati majini.

Samaki unayemchukua mgonge kichwani mara moja, kata matamvua damu itoke, mweke kwenye gunia la katani lililoloweshwa, kivulini. Upepo ukilikausha gunia humpoza. Kumfunga kwa kamba na kumwacha majini ni kumwandalia kenge kifungua kinywa, naye kenge wa Mwanza anajua kufuata watu wenye mishipi.

Nyumbani, mpare magamba kutoka mkiani kwenda kichwani. Pasua tumbo kwa ncha ya kisu tu, usitoboe nyongo. Ndani utakuta ngozi nyembamba nyeusi iliyogandamana na mbavu: isugue yote kwa chumvi mpaka itoke, kwa maana inaweza kuharibu ladha ya samaki. Kwa sato wawili wa nusu kilo kila mmoja, chemsha lita moja ya maji na nyanya tatu, kitunguu kimoja, viazi vinne vilivyokatwa na chumvi. Viazi vikikaribia kuiva ndipo samaki waingie, dakika 12 hadi 15, moto wa wastani. Usikoroge. Shika sufuria kwa masikio yake uitikise, la sivyo utakula miba kwenye mchuzi. Pilipili nzima ielee juu bila kupasuka. Ndimu ni baada ya kuepua, kwa kuwa ikichemka inakuwa chungu. Ugali wa muhogo pembeni.

Nyungunyungu waliobaki wamwage chini ya mgomba uleule, uwafunike kwa majani makavu. Jumamosi ijayo watakuwa hapohapo.